Naomba ushauri: makaburi ya mababu yasiyoonekana tena ndani ya eneo la mgodi

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa waliowahi kushughulikia mgogoro wa aina hii.

Ukoo unadai makaburi 14, mgodi unakubali 5 tu yaliyojengewa saruji. Mengine yalikuwa na mawe kichwani na miguuni, na tingatinga limeshakwangua udongo wa juu. Mthamini hujaza fomu kwa kinachoonekana, basi jiwe likiondoka na fidia imeondoka.

Ninavyofahamu, kaburi halifutiki kirahisi hivyo. Udongo uliofukiwa hubaki laini na wenye rangi mchanganyiko, hivyo ukikwanguliwa taratibu kwa sepetu, sentimita chache kila mara, umbo la mstatili hujitokeza. Rada ya ardhini (kifaa kinachotuma mawimbi ya redio chini ya udongo kuonyesha kilichopo) husaidia kwenye mchanga mkavu, lakini kwenye mfinyanzi wenye maji mawimbi hufifia mapema. Na udongo wenye asidi hula mifupa, kwa hiyo kukosa mfupa si ushahidi kwamba hapakuzikwa mtu (hoja hii mawakili wa migodi huikwepa sana).

Wazee wanataka kuonyesha sehemu wakiwa pamoja. Naona ni kosa: mmoja akitaja, wengine hufuata. Bora kila mmoja apite peke yake, alama zipimwe kwa GPS, kisha zilinganishwe na picha za zamani za angani.

Maswali yangu: nani agharimie uchunguzi huo? Zuio la kuchimba liombwe kabla au baada ya vipimo? Na pasipopatikana mifupa, mmewahi kuona ukoo ukikubaliwa kuhamisha udongo wa kaburi, ukahesabiwa fidia kamili?