Ngome za Wahispania zinanipiga mizinga, nifanyeje?

MvuviWaDunga (Kisumu):
Wakuu, habari za usiku. Nacheza Sid Meier's Pirates!, mchezo wa kompyuta wa maharamia, ile ya 2004, kwenye laptopu kuukuu, watoto wakishalala. Nilianza upande wa Waingereza, nikateka meli za Wahispania mfululizo. Magavana wa Kiingereza wakanipandisha cheo, wakanipa na ardhi. Jana tanga limechanika, chakula kinaisha, mabaharia wananung'unika. Nikasogelea Havana, mji wa Wahispania, ngome ikanimiminia mizinga hata kabla sijatia nanga! Nimeipenda sana safari hii, sitaki kuanza upya. Uadui huu unafutika?

NahodhaWaNakuru:
Unafutika, kaka. Kila taifa lina hesabu yake: Hispania, Uingereza, Ufaransa, Uholanzi. Kila meli unayoteka inawaongezea hasira wenyewe, wanatangaza zawadi kwa atakayekukamata. Mataifa yanayopigana nao ndiyo yanayokushukuru. Kwa hiyo kwanza uliza nani yuko vitani na nani, kisha ndipo ufyatue. Sasa hivi tafuta misheni ya Wajesuiti, wale watawa wa Kikatoliki. Padre mkuu wa pale anaweza kukuombea msamaha kwa taifa uliloliudhi. Mimi aliniokoa na Wafaransa.

BintiBusia:
Ukibanwa kabisa, ingia mjini kwa kunyemelea, pitia vichochoroni, uwakwepe askari. Ukikamatwa ni jela, na miezi inapita. Lakini kwa tanga na chakula, ndugu yangu, bandari ya Port Royal, kule Jamaika, si ya Waingereza wenzako? Geuza meli.

MvuviWaDunga:
Asanteni sana. Nageuza usiku huu huu.