Riwaya za majumba ya zamani na siri za familia, mbona kama kitabu kimoja?

bi_kurasa
Wadau wa vitabu hebu nisaidieni. Wiki iliyopita nimemaliza The Thirteenth Tale ya Diane Setterfield (2006) nikaunganisha na The Distant Hours ya Kate Morton (2010), sasa vinanichanganyikia kichwani. Vyote kuna binti wa vitabu vitabu, mmoja babake ana duka la vitabu mwingine yuko kwa mchapishaji, wote wanaishia kwa bibi kizee mwenye siri, kuna jumba limechakaa, huku mapacha kule dada watatu. Wanaigana hawa au?

msomaji_wa_dirishani
Hawaigani, wanachota kisima kimoja. Riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, 1847: mke kafungiwa juu darini, mwisho jumba linaungua. Rebecca ya Daphne du Maurier, 1938: mke wa kwanza kashakufa ila bado ndo mwenye nyumba, mwisho Manderley, jumba lenyewe, nalo moto. Setterfield wala hajifichi, Jane Eyre anaitaja humo ndani mpaka unachoka.

Mama Zu
Mi naona kinachofanana zaidi ni nani anaijua siri. Watumishi! Kwenye The House at Riverton ya huyo huyo Kate Morton anayesimulia ni Grace, ana miaka 98, alikuwa mfanyakazi wa ndani, matajiri wanaongea mbele yake kama vile hayupo. Hata hiyo ya Setterfield, kuna daftari la yule mwalimu wa watoto, Hester, bila hilo mambo mengine yasingeeleweka. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, wala usimuulize mwenye mtungi.

kijana_wa_zamu
Jaribu Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia (2020) uone ilivyogeuzwa. Ni Mexico miaka ya 50, familia ya Waingereza waliotajirikia kwenye mgodi wa fedha, wanaoana wao kwa wao, na kuvu imeota mpaka ndani ya kuta. Hapo siri sio mtoto wa nani tu, ni utajiri ulitoka wapi na wachimbaji waliokufa walizikwa vipi. Zile za Uingereza swali la pesa wanalipita juu juu, ndo mana mi nazichoka haraka.

bi_kurasa
Mama Zu umenifungua macho, narudia daftari la Hester leo leo. Ya kuvu naitafuta. Ila wewe wa dirishani, Rebecca ndo niko katikati jamani, umeshanichomea nyumba!