Mjadala: Ubora wa simu upimwe kwa wastani wa nchi au kwa kila mnara?

Swali ni kama kampuni za simu zilazimishwe kutangaza kiwango cha simu zinazokosa nafasi kwa kila mnara, katika saa yenye msongamano mkubwa, badala ya wastani mmoja wa nchi nzima. Mimi naunga mkono, ingawa si kwa sababu inayotolewa na wengi wa upande wangu, yaani kwamba hesabu za kupangia minara zimepitwa na wakati.

Hesabu hizo zinatokana na kanuni ya hisabati ya kukadiria ni simu ngapi zitakosa nafasi, aliyoichapisha Agner Krarup Erlang mwaka 1917, alipokuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Wanaoilaumu husema inachukulia kwamba aliyekwisha kuongea dakika tano ana uwezekano wa kukata simu sekunde inayofuata sawasawa na aliyeanza sasa hivi. Ni kweli watu hawaongei hivyo. Yupo anayebipu, na yupo anayempigia mama yake kijijini mpaka salio liishe. Lakini pale ambapo simu iliyokosa nafasi hukataliwa bila kuwekwa kwenye foleni, jibu la kanuni hutegemea wastani wa muda wa maongezi tu, vyovyote muda huo utakavyotawanyika, mradi simu ziingie kwa nasibu, kila moja bila kuitegemea nyingine.

Tatizo limo katika sharti hilo la mwisho. Tuchukue mnara wa kizazi cha pili (2G) jirani na stendi ya mabasi, ambao upande wake mmoja una chaneli 14 za maongezi, yaani nafasi 14, kila moja ikibeba simu moja kwa wakati. Wastani wa maongezi ukiwa dakika mbili, simu 246 kwa saa zitakataliwa takriban 2 katika kila 100. Zikifika 360, zinazokataliwa hukaribia 12 katika kila 100: mzigo umeongezeka kwa chini ya nusu, kukataliwa kumeongezeka karibu mara sita. Na hapo bado hatujamhesabu aliyekataliwa, ambaye hubonyeza tena papo hapo, na tena, hadi simu zinazoingia zinakuwa matokeo ya zile zilizoshindwa na kanuni inaanza kuonyesha hali nafuu kuliko ilivyo.

Wastani wa nchi huyameza yote hayo, kwa kuwa mnara wa stendi saa 12 jioni huchanganywa na mnara wa porini usiku wa manane.

Kampuni hudai kuwa takwimu za kila mnara ni siri ya biashara. Kwa idadi ya simu na mapato, nakubali. Asilimia ya waliokataliwa, hata hivyo, haitaji mapato ya mtu, na mshindani anaweza kuipima mwenyewe kwa kusimama stendi na simu mkononi. Anayepinga atueleze ni siri gani inayobaki hapo.