Mkopo wa Bodi: mbona deni halishuki, na aliyejiajiri aanzie wapi?

Pwani_Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua vizuri mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hapa Tanzania, watufafanulie. Ikitajwa Bodi ya Mikopo, wanaokatwa wanalalamika deni liko palepale, na wasiokatwa wanasema watalipa wakipata ajira. Nauliza: asilimia 15 inakatwa kwenye nini hasa? Ile tozo ya asilimia 6 imekufa kweli? Mhitimu mwenye duka au shamba analipaje? Na hii kauli ya "ni hela ya serikali", kana kwamba mkopo haurudishwi, imetoka wapi?

Meza_ya_Mishahara:
Nianze na hesabu, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Asilimia 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi. Posho ya nyumba, usafiri au chakula haziguswi.

Chukua mwajiriwa wa sekta binafsi mwenye mshahara wa msingi wa 720,000. Bodi inachukua 108,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 72,000. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 648,000 zinazobaki baada ya NSSF, inakuja 45,600. Anaondoka na 494,400, na hapo kodi ya chumba bado. Kama alikopa 9,600,000, ongeza ada ya usimamizi wa mkopo ya asilimia 1 inayotozwa mara moja tu, yaani 96,000. Atamaliza kwa miezi 90, miaka saba na nusu, kama mshahara haukupanda.

Kosa la kawaida maofisini ni kupiga asilimia 15 kwenye mshahara wa jumla. Huyuhuyu akiwa na posho ya 180,000, atakatwa 135,000. Hizo 27,000 za ziada hazipotei kama zimepelekwa, zinapunguza deni, lakini mwenye mshahara ana haki ya kudai hesabu irekebishwe.

Kubwa kuliko yote: makato kwenye slipu ya mshahara si ushahidi kwamba hela imefika Bodi. Mwajiri anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata na kukaa nayo. Wengine wanapeleka, ila orodha ina majina yasiyofanana na ya kwenye mkopo, au namba ya mtihani wa kidato cha nne imekosewa tarakimu moja, basi malipo hayaingii kwenye akaunti ya mhusika. Aliyebadili jina baada ya ndoa na aliyerudia kidato cha nne ndio wanaokumbwa zaidi. Namba ya kutumia ni ileile iliyojazwa kwenye maombi ya mkopo: namba ya kituo, ya mtahiniwa, na mwaka.

Bi_Hesabu:
Naongezea kwenye tozo. Asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Rais Samia alitangaza Mei Mosi 2021 kule Mwanza, utekelezaji ukaanza Julai 1, 2021. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo iliondolewa. Kwa hiyo omba taarifa ya mkopo na uangalie mistari ya baada ya tarehe hiyo. Ukikuta tozo mpya, andika barua ukitaja mwezi na kiasi.

Na msiwaone waliokopa zamani ni wabishi bure. Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Kwa mshahara huohuo wa 720,000 hiyo ni 57,600. Asilimia 6 ya deni la 9,600,000 ni 576,000 kwa mwaka, sawa na 48,000 kwa mwezi. Kinachopunguza deni ni 9,600 tu! Mtu amekatwa miaka mitano, anafungua taarifa, anakuta deni halijatikisika. Hapo ndipo imani ilipovunjika, na kufuta tozo peke yake hakujairudisha.

Kuhusu "hela ya serikali": chuo kilikuwa bure kwa muda mrefu, mikopo ikaanza 1994/95 kupitia wizara, Bodi yenyewe ikaanza kazi Julai 2005. Katikati hapo mdai hakuonekana. Halafu kuna suala la bumu, ile hela ya chakula na malazi. Mwanafunzi anakumbuka alichosaini mkononi, mfano 510,000 za siku 60 kwa 8,500 kwa siku. Ada ilienda moja kwa moja chuoni, hakuiona. Taarifa ikija na ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo, anahisi kabambikiwa. Dawa ni kumpa mchanganuo wa kila mwaka angali chuoni, si kumshtua na jumla baada ya miaka miwili.

Jembe_na_Kalamu:
Kwa aliyejiajiri: muda wa kusubiri kabla ya kuanza kulipa ni miezi 24 tangu kumaliza masomo. Baada ya hapo kima ni asilimia 10 ya kipato, isipungue 100,000 kwa mwezi. Unaomba namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka Bodi, unalipa benki au kwa simu, unatunza risiti. Usimtumie mtu binafsi hela eti akusaidie kulipa.

Hapa natofautiana na sheria waziwazi. Mwenye genge anayepata 250,000 mwezi mzuri hawezi kutoa 100,000, na mwezi mbaya hana kitu. Kima kingefuata msimu, hasa kwa mkulima, wengi wangelipa kwa hiari. Hata hivyo usikae kimya: andika barua, eleza kipato, pendekeza kiasi, ambatanisha leseni au kitambulisho cha mjasiriamali. Na ukiajiriwa, jitaje mwenyewe kwa mwajiri kuwa una mkopo. Mwajiri ana siku 28 za kuijulisha Bodi.

Pwani_Kwetu:
Asanteni sana. Na aliyemaliza deni ila bado anakatwa?

Meza_ya_Mishahara:
Miezi mitatu kabla ya kumaliza, aombe taarifa na aipeleke ofisi ya mishahara ili makato yasimamishwe kwa wakati. Kama yameshapita, aandikie Bodi barua ya kurejeshewa, aambatanishe slipu za miezi yote iliyozidi na namba ya akaunti yenye majina yaleyale ya kwenye mkopo. Jina likitofautiana hata herufi moja, barua inaweza kurudi.