Anayenyamaza foleni inaporukwa: ni muungwana, au ni mshiriki wa kosa?

Hoja iliyowekwa mezani katika mjadala huu ni kwamba mstaarabu akirukwa kwenye foleni humwacha aliyemruka apite, kwa kuwa dakika tano hazistahili ugomvi, na kwamba kulinda utaratibu ni kazi ya mhudumu aliye dirishani, si ya mteja aliyesimama kusubiri. Wengi wameiunga mkono, na baadhi wameiita ukomavu. Mimi naipinga, tena kwa uzito wote, kwa sababu naamini kwamba ukimya huo tunaouita ustaarabu ndio unaowapa nguvu wasiowajali wenzao, na ndio unaomzoesha mhudumu kumsikiliza amtakaye bila kuulizwa na mtu.

Nianze na jambo nililolishuhudia. Katika ofisi moja ya huduma, mbele yangu alisimama mzee aliyeshika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira. Kila baada ya muda aliifungua, akazihesabu karatasi zake, akaifunga tena, kama anayeogopa kuambiwa kwamba kuna moja imepungua. Alipobakiza mtu mmoja kulifikia dirisha, akaja kijana kutoka mlangoni moja kwa moja, akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa dirisha na kusema, "Dada, nina swali moja tu." Swali lile likazaa fomu, fomu ikadai muhuri, muhuri ukadai sahihi ya mkubwa aliye chumba cha ndani, na karani akainuka na kuondoka nazo. Tukabaki tunakitazama kiti kitupu. Mzee alikuwa akibadilisha mguu wa kusimamia, mkono mmoja ameutia ukutani. Karani aliporudi alimkabidhi kijana karatasi zake, akamhudumia yule mmoja aliyebaki mbele yetu, kisha akavuta kipazia cha dirisha. Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na sisi je?" Jibu likatoka nyuma ya kipazia: "Njooni kesho, mzee."

Hakuna aliyesema neno, nami nilikuwa miongoni mwao, nikiwa nimesimama hatua moja tu nyuma ya mzee yule. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba siku hiyo tulikuwa waungwana. Mzee alirudi nyumbani na bahasha yake kwa sababu watu wasiopungua kumi waliona kosa likitendeka na kila mmoja akasubiri mwenzake aseme.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe haina ugumu. Chukua foleni ya watu 20, ambamo kila mmoja huhudumiwa kwa wastani wa dakika 4. Akijipenyeza mtu mmoja mwanzoni, kila mmoja wa wale 20 amecheleweshwa dakika 4, yaani foleni nzima imepoteza dakika 80 ili yeye asisimame. Wakijipenyeza watatu, kila aliyesimama amepoteza dakika 12, na kwa jumla yao ni saa 4. Tunaposema "mwache tu, ni dakika chache", tunazihesabu dakika zetu wenyewe na kuzisahau za waliosimama nyuma yetu, ambao hatukuwauliza. Huko nyuma yupo aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini, yupo aliyemwacha mgonjwa nyumbani, na yupo yule ambaye zamu yake itafika wakati kipazia kinavutwa.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, na wenzake walituma watu wajipenyeze makusudi katika foleni 129 mjini New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Mrukaji aliingia kati ya mtu wa tatu na wa nne, akaomba radhi kwa maneno machache, akasimama. Alipoingia peke yake, ni katika nusu ya foleni hizo na zaidi kidogo ambamo alitokea mtu wa kupinga. Kisha watafiti wakabadilisha kitu kimoja: mahali pale anapoingia mrukaji, nyuma yake, wakamsimamisha mtu wao aliyejifanya mteja wa kawaida na kukaa kimya. Palipokuwa na mmoja wa namna hiyo, upinzani ulishuka hadi kama robo ya foleni. Walipokuwa wawili, ulishuka hadi asilimia 5.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kichwani, kwa sababu linajibu hoja ya mjadala huu moja kwa moja. Walio nyuma humtazama kwanza yule aliyeguswa na kosa kabla yao. Akinyamaza, wanadhani ameridhia: pengine ni ndugu yake, pengine alikuwa amemshikia nafasi, pengine kuna makubaliano wasiyoyajua. Hivyo ukimya wa mmoja au wawili huziba vinywa vya wote waliobaki. Anayesimama mara tu nyuma ya mrukaji hana ukimya wa kwake binafsi, apende asipende, kwa kuwa foleni nzima inamsoma yeye.

Tena tutazame maneno yanayotumika. "Nina swali moja tu" ni kauli yenye nguvu ya ajabu, na nguvu yake haitokani na ukweli wake. Mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha mwaka 1978 jaribio lililofanywa kwenye mashine ya kutoa nakala, ambapo mtu alimwendea aliyekuwa karibu kuitumia na kumwomba atangulie kutoa kurasa 5. Alipoomba bila kutoa sababu, asilimia 60 walimkubalia. Aliposema ana haraka, walifika asilimia 94. Na aliposema kwamba anataka kutoa nakala, jambo ambalo si sababu kabisa, maana kila anayefika pale anataka kutoa nakala, bado walimkubalia asilimia 93. Ila kurasa zilipoongezwa hadi 20, sababu hiyo hewa haikumfaa tena: waliokubali walikuwa asilimia 24, sawasawa na alipoomba bila sababu yoyote. Kumbe ombi likiwa dogo tunasikia umbo la sababu na kufungua njia, na likiwa kubwa ndipo tunapoamka na kupima. Anayekuja na "swali moja" anajua kulifanya shauri la kurasa 20 lionekane la kurasa 5. Akishafika dirishani, nani atamtoa?

Wapo waliouliza: je, mgonjwa, mjamzito, mzee asiyeweza kusimama, nao wakae mwisho? La hasha. Hao wana haki ya kutangulizwa, na foleni yoyote yenye watu ndani yake huwatanguliza, wakati mwingine hata bila wao kuomba. Lakini hapo foleni imeona na kukubali, wala hakuna aliyeibiwa. Ninachokikataa ni ukarimu wa mfukoni mwa mwenzako. Ukimruhusu rafiki yako asimame mbele yako, hujampa dakika zako peke yako, umempa na za wote waliokuja nyuma yako. Anayetaka kweli kumsaidia rafiki yake ana njia iliyo wazi: ampishe nafasi yake, naye mwenyewe aende kusimama mwisho. Mara zote nilizopendekeza jambo hilo, ukarimu ule uliishia hapo hapo, na hilo limenitosha kujua ulikuwa unalipwa na nani.

Sasa nije kwa mhudumu, maana nusu ya hoja ninayoipinga imembebesha yeye mzigo wote. Nakubali kwamba wajibu wake ni mkubwa kuliko wetu. Yeye ndiye mwenye kauli inayoweza kulimaliza jambo kwa pumzi moja: "Tafadhali pita nyuma, nitakusikiliza zamu yako ikifika." Anapoacha kuisema na kuipokea karatasi ya mrukaji, amekwisha kutoa hukumu kwamba foleni haina maana, na kesho yake atajiuliza kwa nini watu wanalisonga dirisha lake kama nyuki. Na kuna kosa jingine analolifanya ambalo naliona baya zaidi, nalo ni kuondoka bila neno. David Maister, aliyeandika kuhusu saikolojia ya kusubiri mwaka 1985, alieleza kwamba kusubiri kusiko na maelezo huonekana kurefu kuliko kusubiri kulikoelezwa, kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kwenye muda unaojulikana, na kusubiri kusiko na haki huonekana kurefu kuliko kwenye usawa. Karani wa siku ile alitupa yote matatu kwa pamoja. Sentensi moja, "Naenda kutafuta sahihi, nitarudi baada ya dakika kumi", isingefupisha muda wetu hata kidogo, lakini mzee angetafuta mahali pa kukaa badala ya kuushikilia ukuta.

Hata hivyo siungi mkono wanaomfanya mhudumu kuwa shetani wa hadithi nzima. Kutabasamu na kuvumilia matusi kuanzia asubuhi hadi jioni ni kazi juu ya kazi. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alilionyesha hilo mwaka 1983 alipowachunguza wahudumu wa ndani ya ndege, ambao hulipwa pia ili watawale hisia zao mbele ya abiria. Mteja anayelipiga dirisha ngumi na kumwita binti aliye ndani mjinga ni mwenzake yule mrukaji. Wote wawili wamesahau kwamba aliye mbele yao ni mtu. Sauti ninayoitetea si hiyo.

Kuna pia wakubwa wa mhudumu, ambao hatuwaoni na kwa hiyo hatuwalaumu. Nadharia ya foleni ilianza mwaka 1909 na Agner Krarup Erlang wa Denmark, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na hesabu zilizokua kutokana na kazi yake zingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya msimamizi. Tuseme mhudumu ni mmoja, wateja wanafika bila mpangilio, na mashauri yao, mengine mafupi na mengine marefu, huchukua wastani wa dakika 4. Mhudumu huyo akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, mteja atatumia kama dakika 20 kwa wastani tangu afike hadi amalize. Ikifika asilimia 90, zinakuwa 40. Ikifika 95, zinakuwa 80. Maana yake ni kwamba msimamizi anayeona mhudumu amepumzika kidogo na kuamua kufunga dirisha la pili ili kubana matumizi hapunguzi kidogo tu, anaiongeza foleni maradufu na zaidi. Foleni ya namna hiyo huwatia watu kishawishi cha kujipenyeza, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yake. Lakini naomba tusikimbilie huko kila mara. Uhaba wa madirisha unaeleza kwa nini kijana yule alikuwa na haraka, hauelezi kwa nini aliona haraka yake ni nzito kuliko ya mzee.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la ugomvi. Dada mmoja katika mjadala huu ameeleza kwamba aliwahi kusema, akatukanwa mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemtetea. Tangu hapo hasemi tena. Namwelewa, wala sitamwambia ajitose peke yake. Mahali ambapo kusema kunaweza kuleta kipigo, anyamaze kila mtu na alinde uhai wake. Lakini tuangalie kilichomuumiza dada yule: matusi yalitoka kwa mtu mmoja, na ukimya ukatoka kwa wote waliobaki. Angesikia nyuma yake sauti ya pili ikisema kwa upole, "Ni kweli, foleni inaanzia kule," mrukaji angekuwa na watu wawili wa kujibizana nao, na wa tatu angepata ujasiri. Wajibu wa kusema ni wa aliyeguswa kwanza, na wajibu wa kumuunga mkono ni wetu sisi tuliobaki. Huu wa pili hauhitaji ushujaa mkubwa, na ndio tunaoukimbia zaidi.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Nimejifunza kutomshtaki mtu kwa kumwambia "unaruka foleni", kwa kuwa hapo atajitetea hata kama anajua amekosa. Humwambia, "Samahani kaka, mwisho wa foleni uko kule nyuma ya yule mama," kama ninayemwelekeza mgeni njia. Wengi wao huenda, na baadhi huomba radhi, kwani wapo ambao kweli hawakuona. Asiyekwenda, nazungumza na mhudumu kwa sauti inayosikika na wote: "Dada, anayefuata ni mzee huyu." Sentensi hiyo haimtukani mtu, na inamrudishia mhudumu kazi yake mkononi.

Ningependa sasa kuwasikia wale waliowahi kukaa upande wa pili wa dirisha. Mrukaji anapoegemea ukingo na kuanza kusema, na nyuma yake mnaziona nyuso za waliotangulia, ni kitu gani huwafanya muipokee karatasi yake? Na mteja akisema kwa adabu kwamba zamu ni ya mwingine, huwa amewasaidia, au amewaongezea mzigo?