Bustani mpya nyuma ya nyumba, Bagamoyo: mchanga mtupu na kisima cha chumvichumvi. Nianzie wapi?

Mgeni_wa_Kiromo

Hodi jamvini wakuu. Nyumba imekwisha, sasa nataka bustani ya mboga kwa nyuma, huku Kiromo, Bagamoyo. Eneo ni mita 6 kwa 9, liko wazi, upande wa kaskazini kuna ukuta wa mita 2 na nusu. Udongo ni mchanga wa kijivu na mafundi wameacha kifusi kwenye kona. Maji ya bomba ni ya mgao. Kisima kipo, ila ukiyaonja maji yake yana chumvichumvi.

Nataka mchicha, matembele, bamia, nyanya, bilinganya, pilipili na karoti, halafu mpapai mmoja au miwili na mlimao. Nimeona picha za watu wanaojenga matuta ya juu kwa matofali, nimevutiwa. Kuna mtu pia ananiuzia lori la udongo mweusi. Tuko mwisho wa Agosti na nataka vuli inikute niko tayari. Naombeni vipimo, maneno ya jumla nimeshayasoma mengi.

Jembe_la_Mkono

Karibu mkuu. Mbegu ziache kwanza dukani, una wiki sita hivi za kuutengeneza mchanga huo.

Anza na kifusi. Saruji na chokaa hupandisha pH ya udongo (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua), mmea ukashindwa kuchukua madini ya chuma: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Watu wakiona hivyo wanamwaga urea, na haisaidii kitu. Zoa kifusi pamoja na sentimita 10 za mchanga ulio chini yake, hasa pale walipokorogea zege.

Lori la udongo mweusi achana nalo, au nenda ukaukague kabla haujapakiwa. Chimbua kwa mkono uangalie kama kuna vijikokwa vyeusi vya ndago, vidogo kama karanga, vinaunganishwa na nyuzi nyembamba. Ukiviona, ondoka. Ndago ikiingia kwenye mchanga laini hutaimaliza kwa kufyeka, maana kikokwa kimoja kilichobaki chini kinazaa vingine. Fedha ya lori nunua samadi.

Matuta ya matofali yanapendeza kwenye picha, ila kwa mchanga wa Bagamoyo unajitafutia kazi. Tuta la juu hukauka ubavuni na juu, na mchanga hauhifadhi maji hata ukiwa tambarare. Wewe chimba matuta yaliyozama. Lakini usiniamini bila kupima: chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji yaishe, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji ya mara ya pili yakinywewa chini ya dakika 10, zamisha matuta. Yakikaa zaidi ya saa nzima, yainue. Kati ya hapo, fanya bapa.

Tuta liwe mita 1 kwa mita 4, upana ambao mkono unafika katikati bila kukanyaga ndani. Njia ziwe sentimita 50. Anza na manne tu, jumla mita mraba 16. Eneo lako linaweza kubeba zaidi, ila hesabu maji kwanza: jua la pwani linakula kama lita 5 kwa mita mraba kwa siku. Matuta manne ni lita 80, yaani ndoo nne kubwa kila siku isiyo na mvua. Kwa mwezi ni lita 2,400, uniti mbili na nusu hivi za bomba. Ukilima eneo lote la mita 54 unahitaji ndoo 13 au 14 kwa siku. Utachoka wiki ya pili.

Kuchimba: toa sentimita 20 za juu uweke pembeni, halafu tifua sentimita 20 nyingine chini. Tandaza makumbi ya nazi yaliyoanza kuoza, upande wenye kina uangalie juu ili yashike maji kama vikombe. Magomba yaliyokatwakatwa pia yanafaa, unene wa sentimita 5 hadi 8. Rudisha mchanga ukiwa umechanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza, debe moja la lita 20 kwa kila mita mraba, kwa hiyo andaa madebe 16. Msimu unaofuata nusu debe inatosha. Samadi ya kuku ni kali, tumia robo debe na iwe imekaa miezi miwili. Kuijua kama imeiva, chomeka fimbo katikati ya lundo, subiri dakika 10, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, au lundo linakuchoma pua, bado. Ukimaliza, mchanga uliozidi uache njiani, uso wa tuta uwe chini ya njia kwa sentimita 10. Mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu bila kupanda chochote, kwekwe ziote uzing'oe, hadi katikati ya Oktoba.

Mwana_wa_Pongwe

Naunga mkono, ila wasomaji wa Tanga msinakili hivyo hivyo. Huku kwetu kuna udongo mwekundu unaoganda, na karibu na bahari kama Raskazone unagonga mwamba wa matumbawe upesi. Tuta la kuzama kwenye udongo mwekundu mwezi wa Mei linageuka bwawa na mizizi inaoza. Jaribio la shimo alilosema mkuu Jembe ndilo la kufuata.

Pia kuna ushauri unaozagaa kwamba kila bustani itiwe majivu. Kwenye udongo wa matumbawe, ambao tayari una chokaa ya kutosha, majivu yanakuletea ile ile njano ya kifusi. Mchanga wa Kiromo unaweza kupokea kidogo, konzi mbili kwa mita mraba kwa mwaka, si kila wiki. Anayetaka kujua udongo wake kwa uhakika, TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo) pale Muheza wanapima. Chukua udongo sehemu nane au kumi za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo.

Kuhusu ukuta wako: Juni jua liko kaskazini yetu, na saa sita mchana ukuta wa mita 2 na nusu unatupa kivuli cha karibu mita 1.4 kuelekea kusini, yaani ndani ya bustani yako. Desemba jua limehamia kusini na hapo hapo panaungua. Kwa hiyo ukanda wa mita moja na nusu chini ya ukuta usiuwekee nyanya za kipupwe. Weka kitalu, mchaichai, mnanaa na giligilani. Matuta manne yapange kuanzia hapo kwenda kusini.

Bi_Kisima

Kuonja maji hakutoshi, mwanangu, ulimi unazoea. Wapima visima wana kipimo kidogo cha mfukoni kinachosoma chumvi ya maji kwa mikrosimensi (kwa sentimita); namba ikipanda, chumvi imezidi. Maharage na karoti huanza kupunguza mavuno maji yakivuka 700, vitunguu 800, pilipili 1,000, nyanya 1,700. Kunde ni ngumu, zinafika hata 3,300. Matembele na bamia si wagumu sana, ila mchicha unavumilia kiasi. Karoti kwa kisima chako ningezifuta kwenye orodha leo.

Kama huna kipimo, chukua makopo mawili yenye mchanga ule ule, panda maharage 20 kila moja. Moja limwagilie maji ya mvua au ya bomba, lingine ya kisima, siku 14. La kisima likiota nusu, au majani yakiungua ncha kama yameshikishwa pasi, umepata jibu.

Maji yakiwa ya chumvi, mwagia shinani, kamwe si juu ya majani. Mara moja kwa wiki mwagilia mara mbili ya kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi; hapo mchanga wako ni neema, unasafishika upesi. Kuchanganya ndoo moja ya kisima na moja ya bomba kunapunguza chumvi karibu nusu. Kipindi kibaya ni Januari na Februari, kaskazi inavuma, hakuna mvua ya kusafisha, unaona utando mweupe juu ya tuta.

Na bati lako usilisahau. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 800 ukitoa zinazopotea. Tangi la lita 2,000 linajaa kwa mvua mbili tatu za maana. Maji ya dakika za kwanza yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Mgeni_wa_Kiromo

Nashukuruni sana. Shimo la majaribio limenywa maji kwa dakika 4, kwa hiyo nazamisha. Mmekwepa nyanya, kwa nini? Na mchicha: jirani anasema mbegu zinamwagwa lakini hazioti, tatizo nini? Miti je?

Jembe_la_Mkono

Mchicha mara nyingi hauna kosa, wezi ni sisimizi. Mbegu ni ndogo, wanaibeba usiku huo huo. Kosa la pili ni kuifukia mno. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu, chora mistari ya nusu sentimita, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari, funika kwa vumbi la samadi tu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta zima la mita 4, wengi wanamwaga mara tano ya hapo na miche inakabana. Zungushia tuta mstari mwembamba wa majivu (hayo ndiyo matumizi yake mazuri), funika kwa makuti siku tatu nne, yaondoe jioni mara tu ukiona vijani. Ukichelewa siku moja miche inarefuka myembamba na kulala. Baada ya wiki tatu hadi nne unang'oa. Panda nusu tuta kila baada ya siku 10 ili usile kwa fujo wiki moja na kununua sokoni wiki inayofuata.

Bamia loweka usiku kucha, mbegu mbili kwa shimo, sentimita 60 kwa 30, bakiza mmoja. Zikianza, vuna kila baada ya siku moja. Tunda likizidi urefu wa kidole linakuwa kamba. Matembele kata vipando vya sentimita 30, zika vifundo viwili au vitatu. Bilinganya na pilipili ziende kitaluni sasa, hamisha baada ya wiki tano au sita mche ukiwa na unene wa penseli, jioni, si saa nne asubuhi. Wiki moja kabla punguza maji ili zikomae.

Tungule_za_Kusi

Nyanya nijibu mimi. Ukisia leo, maua yanakuja Novemba, usiku wa pwani una joto, na nyanya usiku ukizidi nyuzi 22 hivi chavua inadhoofika, maua yanadondoka. Mti unakuwa mkubwa mzuri hauna kitu. Nyanya ya pwani ni ya kusi, msimu wa upepo wa kusini: sia mwisho wa Aprili chini ya paa la nailoni, kwa sababu mvua ya masika inaleta ugonjwa wa bakajani kitaluni, hamisha mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kula Agosti na Septemba. Mbegu za Tanya na Tengeru 97 zinapatikana, na Tengeru 97 ina ukinzani dhidi ya minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, jambo kubwa kwenye mchanga. Kwa vuli hii weka ngogwe (nyanya chungu) mahali pa nyanya, joto haliisumbui.

Minyoo fundo usiichukulie kwa mzaha. Bamia na mchicha zote inazipenda, kwa hiyo usifuatishe nyanya pale palipokuwa na bamia. Kila ukimaliza zao, ng'oa mizizi yote uiangalie: ikiwa na vinundu kama shanga zilizovimba, choma, na tuta hilo lipe karanga msimu mzima.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, usiongeze maji. Kata kipande cha shina sentimita 10 karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, hauna dawa. Ng'oa na udongo wake, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka mitatu.

Mwana_wa_Pongwe

Miti kwa kifupi. Mpapai shimo la sentimita 60 pande zote, madebe mawili ya samadi, panda miche mitatu kwenye shimo moja. Ikichanua, ile yenye vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua mengi madogo ni dume, ing'oe, bakiza mmoja wenye ua lililokaa kwenye shina. Ila kama ni jike tupu na hakuna dume mtaani, anahitaji chavua, kwa hiyo chungulia kwanza kwa majirani. Mlimao uwe wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, mita 4 kutoka ukutani, na alama ya kubebesha ibaki sentimita 15 juu ya udongo. Chochote kitakachochipua chini ya alama hiyo kikate, ni mti mwingine huo. Vyote viwili weka mbali na shimo la choo, mizizi yake haipendi unyevu wa kudumu.

Na funga wavu wa mita 1 na robo kabla ya kupanda. Kuku mmoja wa jirani anamaliza tuta la mchicha wakati unachemsha chai.

Mgeni_wa_Kiromo

Nimeelewa. Samadi madebe 16 naagiza kesho, kifusi kinatoka Jumamosi. Nitaleta majibu ya makopo mawili ya Bi Kisima baada ya siku 14.