Samoni wa oveni anatoka mkavu na ute mweupe, nakosea wapi?

PilipiliManga: Wakuu, naombeni msaada. Ni vipande vya samoni wa friza, gramu 180 kila kimoja, unene kama sentimita 2.5. Navifunga kwenye foili na ndimu na kitunguu saumu, oveni nyuzi 220, dakika 25. Vinatoka vikavu, na pembeni vimeganda vitu vyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Ni mafuta, au samaki kaharibika?

JikoLaJioni: Hajaharibika, na hayo si mafuta. Ni protini inayoitwa albumini. Nyama ya samaki ikipata joto inajikunja na kuikamua itoke nje, kisha inaganda. Kidogo ni kawaida. Ikiwa nyingi hivyo, ujue moto au muda umezidi. Kwako vyote viwili. Kwa unene huo, nyuzi 200 dakika 12 hadi 15 zinatosha kabisa. Dakika 25 ni za viazi, mkuu.

Ukitaka ute upungue, yeyusha gramu 30 za chumvi (vijiko viwili vya mezani visivyojaa) kwenye nusu lita ya maji baridi, loweka vipande dakika 15. Vifute kwa tishu za jikoni mpaka ukipitisha kidole hakitelezi. Usiongeze chumvi tena.

MwanaPwani_: Kabla ya hayo, unayeyushaje barafu? Kipande chenye barafu katikati kinakauka nje huku ndani kibichi, ndipo mtu anaongeza dakika. Kihamishie kwenye friji tangu usiku. Kama kimefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, ifungue kabla hakijayeyuka: bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu kwenye chakula) wanapenda pasipo na hewa.

Foili mimi siiafiki. Ukifunga hivyo unapika kwa mvuke; nyama inalainika lakini rangi haipati. Tandika foili chini tu, paka mafuta, ngozi ielekee chini. Ndimu kamulia mezani, kwa sababu ikikaa muda mrefu juu ya nyama mbichi inaipausha na kuiharibu ulaini. Kitunguu saumu kitwange na siagi, vipande vikavu vinaungua na kuwa vichungu.

JikoLaJioni: Hapo kwenye foili nakubali nusu. Kwa oveni ndogo za mezani, waya wa juu uko karibu mno na samaki, kwa hiyo funika kwa ulegevu dakika 8 za mwanzo, kisha funua. Na oveni iache ipate moto dakika 15 kabla. Yenye feni, punguza nyuzi 20.

PilipiliManga: Shukrani. Sasa nitajuaje kimeiva bila kukisia? Na ngozi nitoe?

MwanaPwani_: Ngozi iache, inakinga nyama na trei. Kikiiva, pitisha mwiko bapa kati ya ngozi na nyama, kitaachia chenyewe. Kuiva: chomeka uma sehemu nene zaidi, zungusha kidogo. Nyama ikiachana kwa tabaka na katikati bado ina mng'ao kidogo, toa, iache dakika 3, itamalizikia nje. Mwenye kipimajoto, wapishi wengi wanatoa kwenye nyuzi 52 hadi 55; mwongozo wa serikali ya Marekani ni 63, na hiyo ndiyo ya kufuata kwa mjamzito na watoto wadogo.

Kipande cha mkiani ni chembamba, kikunje ncha iingie chini. Na hivyo viazi, vitangulie oveni dakika 25 ndipo samaki aingie.